Njaa ya Jirani Katika Siku za Maradhi: Ni Juu ya Nani Kuijua?

Ndugu wasomaji, darasa letu la mara hii linaingia jikoni. Pengine baadhi yenu mtauliza: Je, habari za unga na kuni ni mambo ya kufanyiwa darasa? Twajibu: Naam, tena ni katika yaliyo mbele. Dini iliyoifanya zakati kuwa nguzo haikukifanya chungu cha jirani kuwa jambo la pembeni. Na mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana, hata akisomewa mawaidha mazuri kiasi gani, masikio yake yako nyumbani kwake.

Twataka kutazama mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni chakula cha nyumbani wakati yanapoingia maradhi ya kuambukiza. La pili ni mipango ya kumshika mtu asianguke, ambayo siku hizi huitwa hifadhi ya jamii. Mfano wetu ni mwaka wa 2020, mwaka wa Korona, ambao sote tuliuona kwa macho yetu. Barakoa zimekwisha kutupwa na watu wamerudi katika shughuli zao. Lakini maradhi mengine yatakuja, kwa kuwa ndiyo desturi ya ulimwengu, na mwenye kusahau aliyoyapata hukutwa tena mahali pale pale alipokutwa kwanza.

NJAA ISIYOKUWA NA UKAME

Tukumbushane jinsi mambo yalivyokwenda. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza ameonekana. Siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga skuli. Tangu tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutoka usiku, kuanzia saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili ikawa hapana ruhusa ya mtu kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Na mwanzo wa Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa peke yake, kama ilivyofungwa Eastleigh kule Nairobi, hata ukaingia mwezi wa Juni.

Sisi hatusemi kuwa amri hizo zilikuwa batili. Kuzuia watu wasiingie wala wasitoke penye maradhi ni jambo linalojulikana katika mafunzo yetu tangu zamani. Katika mwaka wa 18 wa Hijria, Sayyidna Umar alipokuwa safarini kwenda Sham aliambiwa kuwa tauni imeingia huko, akashauriana na wakubwa wa masahaba, kisha akarudi na watu wake. Hakudhani kuwa kutahadhari kunapingana na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Basi amri ya kukaa ndani si ngeni kwetu.

Lakini amri hiyo ina jambo la pili linaloandamana nayo, nalo ndilo tuliloghafilika. Mwenye kumwambia mtu akae ndani amechukua dhamana ya chungu chake. Haiwezekani kumfungia mtu mlango wa riziki kwa maslahi ya umma, kisha umma usiulize amekula nini.

Tuangalie: Je, chakula kilikosekana nchini? La. Malori ya chakula na mizigo yaliachwa yapite. Unga, mchele, maharagwe na mafuta vilikuwapo madukani. Kilichotoweka ni senti ya kununulia. Hoteli za pwani zilifunga, na wapishi na watandika vitanda wakarudishwa makwao. Mchukuzi alikosa mzigo na mwenye tuktuk alikosa abiria. Mama wa viazi vya karai na mahamri, muuza kahawa, na yule ambaye biashara yake yote ni baina ya magharibi na saa nne za usiku, hao walipigwa na saa ya kutotoka nje hata kabla maradhi hayajafika mtaani kwao. Na watu wa namna hii si wachache. Kwa hesabu za Serikali yenyewe, ukiwaondoa wakulima wadogo na wafugaji, katika kila Wakenya kumi wanaofanya kazi zaidi ya wanane wamo katika kazi zisizo rasmi. Wengi wao hawana mkataba, hawana mshahara wa mwezi, wala hawana malipo siku wasiyofanya kazi.

Jambo hili la watu kufa njaa na chakula kipo lilichunguzwa na mwanachuoni wa uchumi, Amartya Sen, mzaliwa wa Bengal. Alikuwa mtoto mdogo ilipotokea njaa kuu ya mwaka 1943 huko kwao, ambayo iliua zaidi ya watu milioni mbili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 alieleza kuwa chakula cha mwaka ule hakikupungua kwa kiasi cha kueleza maafa yale. Vibarua na watu wa kazi ndogo ndogo waliangamia kwa sababu bei zilipanda na ujira wao haukuweza kuzifuata. Basi hilo na liwe somo letu la kwanza: njaa huja kwa milango miwili, mlango wa kukosekana kwa chakula na mlango wa kukosekana kwa uwezo wa kukipata. Mwaka wa 2020 Mombasa iliingiliwa kwa mlango wa pili.

NGUZO NNE ZA CHAKULA CHA NYUMBA

Wataalamu, tangu mkutano wa dunia juu ya chakula uliofanyika Roma mwaka 1996, wamezoea kuutazama usalama wa chakula kwa nguzo nne. Yafaa tuzijue, kwa kuwa anayetaka kusaidia bila ya kuzijua hutia nguvu mahali pasipohitajiwa.

Nguzo ya kwanza ni kuwapo kwa chakula, sokoni, dukani au shambani. Ya pili ni uwezo wa kukipata, kwa fedha, kwa kulima au kwa kupewa. Ya tatu ni kukitumia vizuri mwilini. Nayo yataka maji safi, moto wa kupikia, afya, na chakula cha namna mbalimbali, si unga mtupu. Ya nne ni kudumu kwa hizo tatu, leo na kesho na mwezi ujao.

Mpe mtu mfuko wa unga na nyumbani mwake hamna mkaa wala maji: umeitia nguvu nguzo ya pili na ya tatu imelala chini. Mpe chakula cha siku tatu, umpige picha, usirudi tena mpaka mwaka ujao: ya nne haipo. Na skuli zilipofungwa, watoto waliokuwa wakipata chakula cha mchana huko walirudi kula katika vyungu ambavyo tayari havikuwa vikijaa. Mzigo uliokuwa umebebwa na wawili ukaachiwa mmoja, tena yule aliye dhaifu.

NGAZI AMBAYO NYUMBA HUISHUKIA

Sasa tutazame ndani ya nyumba. Natuchukue nyumba ya kukisia yenye watu watano: baba ni mchukuzi, mama hukaanga bajia, na watoto watatu. Kazi zote mbili zimesimama kwa wiki moja. Nyumba hii haianguki kwa mara moja. Hushuka ngazi, kipago kwa kipago.

Kipago cha kwanza ni kitoweo. Samaki huondoka, ikabaki mchicha. Kisha mchicha huondoka, ikabaki chai ya rangi na mkate. Kipago cha pili ni akiba: zile senti za chama na zile zilizofungwa pembeni ya leso. Cha tatu ni deni. Mwenye duka huandika katika kitabu chake mpaka naye aone kuwa mali yake yote imegeuka kuwa maandishi, ndipo hukataa. Cha nne ni kuuza vyombo vya kazi: mkokoteni, cherehani, karai na jiko la kukaangia. Cha tano ni mama kusema kuwa yeye hana njaa, na watoto wakubwa kutafuta kazi za kuwaharibu.

Ndugu zetu, kipago cha nne ndicho cha kukitazama sana. Mtu aliyekula akiba yake anaweza kuiweka tena. Mtu mwenye deni aweza kulilipa. Lakini aliyeuza mkokoteni wake ili ale leo ameuza chakula cha mwaka mzima, na maradhi yakiondoka hayamwachii njia ya kurudi alikotoka. Basi faida ya hifadhi ya jamii si kumtoa mtu shimoni tu. Faida yake kubwa ni kumshika kabla hajafika kipago cha nne. Shilingi elfu mbili zinazofika wiki ya pili zina thamani kuliko elfu kumi zinazofika baada ya miezi sita, cherehani likiwa liko nyumbani kwa mtu mwingine.

WAVU WA SERIKALI NA MATUNDU YAKE

Itakuwa si insafu kusema kuwa nchi yetu haikuwa na kitu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imemfanyia kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha, tena imeiwajibisha Serikali kuwaangalia wasioweza kujikimu. Maana yake ni kuwa chakula cha asiyejiweza si hisani ya mkubwa yeyote.

Tena ulikuwako mpango wa Inua Jamii, ambao ulikuwa ukiwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, nyumba zinazolea mayatima na watoto walio katika dhiki, na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Walioandikwa walikuwa zaidi ya milioni moja. Katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera ulikuwako mpango mwingine wa kupambana na njaa, ambao ukame ukizidi unaweza kupanuliwa ukawafikia watu wengi zaidi, kwa kuwa majina yao yalikwisha kuandikwa mapema.

Tuzigawe hizo shilingi 2,000. Kwa siku thelathini ni kama shilingi 66 kwa siku. Katika nyumba ya watu watano ni shilingi 13 kwa kila mtu. Hizo hazishibishi. Lakini tusizidharau, kwa sababu fedha ndogo yenye kufika kwa wakati wake ina kazi. Katika vijiji vya Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly lilikuwa likiwapa watu wazima kiasi cha robo tatu ya dola kwa siku tangu kabla ya Korona. Wachunguzi waliowapigia watu simu mwaka wa 2020 waliwaona waliokuwa wakipokea wamepungukiwa na njaa, maradhi na huzuni kuliko wenzao wasiopokea. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwapo.

Tundu kubwa la wavu huu halikuwa udogo wa fedha. Lilikuwa ni majina. Mwezi Machi 2020 Serikali ilitangaza shilingi bilioni 10 zaidi kwa wazee, mayatima na wenye dhiki. Ikapunguza pia kodi ya mshahara na kodi ya bidhaa. Lakini tumtazame yule mchukuzi wetu wa miaka arubaini. Si mzee wa miaka 70. Si yatima. Hana ulemavu. Hana mshahara wa kupunguziwa kodi. Mpaka mwezi Februari alikuwa akijilisha na watoto wake, wala hakuna aliyemhesabu kuwa masikini. Mwezi Aprili alikuwa na njaa kuliko wengi walioandikwa, na jina lake halimo katika daftari lolote.

Kwa ajili ya watu kama yeye iliundwa baadaye Kazi Mtaani, vijana wakisafisha mitaa kwa ujira, na ukawekwa mpango wa kuwapelekea baadhi ya nyumba shilingi 1,000 kwa wiki kwa njia ya simu. Shabaha ilikuwa njema. Lakini kuandika watu katikati ya moto ni kama kushona tanga na jahazi limo katika tufani. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2021 juu ya mitaa ya mafukara ya Nairobi, lilieleza kuwa ni sehemu ndogo tu ya wenye kuhitaji waliofikiwa, na kuwa baadhi ya waandikaji waliwatia jamaa na marafiki zao. Asiye na mtu wa kumtaja hakutajwa.

Tulinganishe na nchi ya Togo, iliyo Afrika ya magharibi, ambayo si tajiri kuliko sisi. Mwezi Aprili 2020 ilianzisha mpango ulioitwa Novissi kwa ajili ya watu wa kazi zisizo rasmi. Mtu alijiandikisha kwa simu, hata ile ndogo ya vibonyezo, akitumia nambari ya kadi yake ya kupigia kura, na fedha zikamfikia kwa simu hiyo hiyo. Wanawake walipewa zaidi kidogo kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio washikao chungu. Hilo liliwezekana kwa sababu uchaguzi ulikuwa umepita mwezi Februari, na daftari la wapiga kura lilikuwa bado bichi. Watu wa Togo hawakuijua Korona kuliko sisi; walikuwa na daftari tu.

CHUNGU CHA MAJI NA CHUNGU CHA MAWE

Hapa ndipo twataka kurudi kwa Sayyidna Umar, kwa sababu mwaka ule wa 18 wa Hijria haukuwa mwaka wa tauni peke yake. Huko Sham tauni ya Amwas iliwachukua watu wengi, wakiwamo masahaba wakubwa, Abu Ubayda na Muadh bin Jabal. Na huku Hijazi kulikuwa na ukame mkali hata mwaka ukaitwa mwaka wa Ramada, mwaka wa majivu. Umar aliwaandikia magavana wake walete chakula, na ngamia wakaja na unga na mafuta. Wapokezi wa habari wameeleza kuwa aliakhirisha kukusanya zakati ya mifugo mpaka mvua irudi, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu wote waipate.

Lakini kisa cha darasa letu ni kile alichokisimulia Aslam, mtumishi wake. Usiku mmoja walipokuwa wakizunguka nje ya Madina waliona moto, wakamkuta mwanamke ana watoto wanaolia na chungu ki jikoni. Ndani ya chungu mlikuwa na maji tu, ili watoto wadhani kuwa chakula chaiva mpaka usingizi uwachukue. Yule mwanamke, bila ya kumjua aliyesimama mbele yake, alimshitaki Umar kwa Mwenyezi Mungu. Umar akamuuliza vipi Umar ataijua hali yake. Naye akajibu kwa maana hii: anawezaje kuchukua mambo yetu, kisha akaghafilika nasi? Umar hakujitetea. Alirudi mbio ghalani, akajitwika unga mgongoni mwake, akamkataza Aslam asimpokee mzigo, akenda akawapikia kwa mikono yake mpaka watoto wakashiba wakalala.

Tazameni jinsi hoja ya mwanamke yule ilivyo kali. Umar alidhani kuwa kutokujua ni udhuru. Yeye akamfahamisha kuwa kutokujua ndilo kosa lenyewe.

Ndugu zetu wa Mombasa, miaka elfu moja na mia tatu na zaidi baada ya usiku ule, mwezi Aprili 2020, zilienea habari za mama mmoja mjane wa mji wetu huu, ambaye kazi yake ilikuwa ni kuwafulia watu nguo. Maradhi yalipoingia watu hawakutaka tena kuingiliwa majumbani mwao, kazi ikakatika. Akawawekea watoto wake mawe katika chungu, akayachemsha, ili wangoje. Jirani alisikia vilio vya watoto, akaenda kutazama, habari zikatoka, na Wakenya kutoka kila upande wakampelekea fedha kwa simu. Tuliposikia tulilia, na kulia ni kuzuri. Lakini yatupasa kujiuliza: ni vyungu vingapi vilivyochemka kimya, ambavyo jirani yake hakusikia?

Kisa cha pili cha Umar ni kifupi zaidi, nacho chafaa kusomwa na kila mwenye kupanga masharti ya msaada. Alikuwa ameweka diwani, yaani daftari la majina na posho za watu, na watoto walikuwa wakianza kuandikiwa posho wakisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia bila ya kunyamaza. Alipomwuliza mama yake, akaambiwa kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati, ili apate kuandikiwa. Umar alistuka sana akijua kuwa sharti lake mwenyewe ndilo lililomliza mtoto yule. Kulipokucha akatangaza kuwa tangu siku ile kila mtoto ataandikiwa posho tangu kuzaliwa. Sharti likimdhuru yule yule lililowekwa kwa ajili yake, huondolewa sharti.

AIBU YETU WENYEWE

Itakuwa ni unafiki kuwahesabia wengine makosa na sisi tukajisitiri. Katika Ramadhani ile ya mwaka 1441 duru yetu pia ilikusanya chakula. Matajiri hawakufanya ubakhili, na mifuko ilijaa. Lakini orodha ya watu tuliiandika kwa usiku mmoja, kwa kukumbuka tu, na tukawakumbuka wale tuwaonao katika safu za msikiti. Zipo nyumba zilizopata mara tatu, kwa kuwa zilijulikana na sisi na wengine wawili. Na nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, katika chumba cha kukodi, kulikuwa na mtu na mkewe waliohamia kutoka bara, wasio wa jamaa zetu wala si wa msikiti wetu, waliokaa siku kadha wa kadha kwa maji ya uji. Tulijua baada ya Idi. Hawakuomba, kwa kuwa hawakumjua wa kumwomba. Nasi hatukuuliza, kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuandika jibu.

Jambo jingine: katika mji tuliona mifuko ya unga ikigawiwa mbele ya kamera, na mwenye kupokea ameshikwa bega atazame mbele. Mtu aliyekuwa na heshima yake mpaka mwezi wa Februari huona ni afadhali kulala na njaa kuliko watoto wake kuonyeshwa picha yake skuli zitakapofunguliwa. Sadaka inayofuatwa na udhia imekwisha kukemewa na Mwenyezi Mungu kwa ukali ambao hautaki maelezo yetu. Na zaidi ya dhambi, ni ujinga wa kazi: kamera huwafukuza wale wale waliokuwa wakitafutwa, yaani wenye haya.

YATUPASAYO KABLA YA MARADHI MENGINE

Basi tufanye nini? Hatusemi kuwa watu wa mtaa waichukue kazi ya Serikali. Mtaa hauna bilioni, na haki iliyo katika Katiba haigeuzwi kuwa mchango wa msikiti. Twasema kuwa Serikali yaona mbali na mtaa waona karibu, na pande zote mbili zataka daftari.

Kwanza, kila mtaa uwe na daftari lake, liandikwe wakati wa salama. Liandikwe nyumba kwa nyumba, si msikiti kwa msikiti. Muislamu na asiye Muislamu, mwenyeji na mpangaji, kwani jirani katika mafunzo yetu ni mwenye kukaa karibu. Yaandikwe mambo machache: idadi ya watu, watoto wachanga na wazee, maradhi ya kudumu, riziki yao yatokana na kazi gani, na kazi hiyo ikisimama nyumba yaweza kukaa siku ngapi. Sala hili la mwisho ndilo litakalomtoa yule mchukuzi gizani. Daftari lishikwe na watu wawili au watatu waaminifu, mmoja wao awe mwanamke, na siri za nyumba zisitoke nje yake.

Pili, tuwafuatie wanaostahiki haki zao za Serikali. Wako wazee waliokwisha kutimiza miaka yao lakini hawana kitambulisho, au jina limekosewa herufi moja. Kijana mmoja mwenye kusoma akitoa asubuhi moja kwa wiki kwenda nao maofisini, huenda akafanya kazi kubwa kuliko mchango wa mwaka mzima.

Tatu, zakati isingoje Ramadhani ikiwa njaa haikungoja. Wanavyuoni wengi wamejuzisha kuitanguliza kabla ya wakati wake, na haja ya maradhi ni haja. Tena tukumbuke kuwa wenye madeni wametajwa katika mafungu manane ya wenye kustahiki. Kulipa deni la nyumba maskini katika kitabu cha mwenye duka kunaokoa wawili: nyumba hufunguliwa tena mkopo, na duka dogo la mtaa halifungwi.

Nne, tuwe na mfuko mdogo wa kukomboa vyombo vya kazi, ili yule anayetaka kuuza cherehani au mkokoteni aje kwetu kwanza. Akopeshwe bila ya riba, na chombo chake kibaki mkononi mwake.

Tano, msaada utolewe kwa siri, na ikiwezekana uwe ni fedha kwa simu pale ambapo maduka yana chakula. Mwenye nyumba ajua kama alichopungukiwa ni unga, mkaa, au dawa ya mtoto. Mahali ambapo sokoni hamna kitu, hapo chakula chenyewe ndicho cha kupelekwa. Na kamera ibaki nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA DURU

1. Katika nyumba kumi zilizo karibu nawe, ni ngapi ambazo wajua riziki yao yatoka wapi? Zitaje moja moja kabla ya kujibu.

2. Kazi yako wewe mwenyewe ikisimama leo, nyumba yako itafika kipago cha nne baada ya siku ngapi?

3. Kwa nini tunasema kuwa kufunga skuli kuliitikisa nguzo ya pili ya chakula, na si ya kwanza?

4. Ni sharti gani katika misaada ya mtaa wetu lililo mfano wa sharti la kuachisha ziwa, ambalo yatupasa kuliondoa?

Ndugu wasomaji, mkutano wetu ujao kila mmoja aje na majibu ya swali la kwanza yakiwa yameandikwa katika karatasi. Majibu hayo tutayashona pamoja, na huo utakuwa ni mwanzo wa daftari. Yule mwanamke wa Madina aliuliza swali lake usiku, kando ya chungu cha maji, na Umar alilibeba jibu lake mgongoni. Swali lile halijafutwa. Wallahu waliyyu tawfiq.